Uamuzi wa Wachezaji katika Mashindano ya Michezo ya Hadithi

Mtu asomaye kitabu na kukihukumu ana hakika ya jambo moja: maneno aliyoyasoma yeye ndiyo yatakayosomwa na mwenzake. Akisema ya kwamba sura ya tatu ni dhaifu, mwenzake aweza kuifungua sura hiyo na kulipima neno lake. Iko kazi ya fasihi, changa bado kwa umri, isiyotoa hakika hiyo. Nayo ni mchezo wa hadithi unaochezwa kwa kompyuta, ambao maandishi yake hutokea kidogo kidogo kwa kadiri ya amri anazozitoa mchezaji. Watu wawili wakiuanza mchezo mmoja saa ile ile, mmoja aweza kufika mwisho wa kisa, na mwingine akakwama katika chumba cha pili. Hata hivyo wote wawili hutoa alama, na alama zao huunganishwa ili apatikane mshindi. Makala haya yachunguza desturi hiyo kama ilivyokua miongoni mwa watunzi wa ridhaa waandikao kwa Kiingereza tangu mwaka 1995, na kuuliza hukumu ya namna hiyo yaweza kutegemewa kwa kadiri gani.

Katika umbo lake la asili mchezo huu hauna picha. Kompyuta huandika maelezo ya mahali, kama chumba au pango, kisha hungoja. Mchezaji huandika amri fupi, ya kwenda kaskazini, au kuchukua taa, au kufungua mlango. Kompyuta huichanganua amri hiyo, hutafuta kitenzi na jina lililo pamoja nacho, na kujibu kwa maneno. Njiani mna mafumbo, na asiyelifumbua fumbo hapati kuendelea. Mchezo wa kwanza mashuhuri wa aina hii, Adventure, uliandikwa katikati ya miaka ya 1970 na Will Crowther, Mmarekani aliyekuwa mpenzi wa kuingia mapangoni, ukaongezwa na Don Woods mwaka 1977. Baadaye biashara iliingia. Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilijipatia jina kwa kuuza michezo hiyo, kisha ikanunuliwa na kampuni nyingine mwaka 1986 na kufungwa mwaka 1989. Hapo ndipo kazi ilipoangukia mikononi mwa watu wasiolipwa. Mwaka 1993 Graham Nelson, mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, alitoa Inform, yaani lugha ya kuandikia programu za michezo hiyo, akaitoa bure. Tangu hapo mtu ye yote mwenye subira aliweza kutunga mchezo nyumbani kwake na kuwagawia wenziwe.

Kazi isiyouzwa haina soko la kuipima. Mtunzi wake hajui kama amependeza ila aambiwe, na watu wengi hawasemi ila waulizwe. Haja hiyo ndiyo iliyozaa mashindano. Mwaka 1995 Kevin Wilson aliandaa shindano la kwanza, ambalo leo hujulikana kwa jina la IFComp. Michezo 12 iliingia, ikagawanywa mafungu mawili kufuata lugha za programu zilizotumika. Katika fungu la Inform alishinda Andrew Plotkin kwa A Change in the Weather. Katika fungu la lugha iitwayo TADS alishinda Magnus Olsson kwa Uncle Zebulon's Will, ambao mchezaji wake ni mrithi aliyeruhusiwa kutoa kitu kimoja tu katika nyumba ya marehemu. Mwaka uliofuata mafungu yaliondolewa, na mshindi alikuwa mtu aliyejiandikisha kwa jina la Angela M. Horns. Mwenye kuzipanga upya herufi za jina hilo atalipata jina la Graham Nelson. Lau jina lake lingalikuwa wazi, waamuzi wangalikuwa na kazi ngumu ya kusahau ya kwamba mchezo uliowekwa mbele yao ni wa yule yule aliyewapa wengi wao chombo cha kutungia.

Kanuni za shindano ni chache. Mchezo uwe haujapata kutolewa hadharani. Mtu ye yote aweza kuwa mwamuzi, mradi ahukumu michezo isiyopungua mitano. Watunzi nao waweza kuhukumu, lakini si kazi zao wenyewe. Kila mchezo hupewa alama moja, kutoka 1 hadi 10. Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni ya muda: alama itolewe kwa yale aliyoyaona mwamuzi katika saa mbili za kwanza. Akipenda kuendelea baada ya hapo ni kwa furaha yake, wala haruhusiwi kuibadili alama.

Kanuni hiyo ya muda ina haki ndani yake. Mwaka 2020 michezo 103 iliingia. Mwamuzi ambaye angalitaka kuipa yote muda wake kamili angalihitaji saa 206. Hapana mtu mwenye kazi na jamaa awezaye hayo. Kwa sababu hiyo waandaaji humpa kila mwamuzi orodha iliyochanganywa kwa bahati, ili michezo iliyo juu ya orodha isile kura za wengine. Bila ya mpaka wa muda, mchezo mrefu ungemnyima haki ule ulio nyuma yake. Na mtunzi asiye na jina hangekuwa na tamaa ya kusomwa.

Walakini mpaka huo, uliowekwa kwa ajili ya waamuzi, umewafinyanga watunzi. Mtunzi ajuaye ya kuwa atapimwa kwa saa mbili hutunga kazi ya saa mbili. Huacha visa vya pembeni, hupunguza vyumba, na zaidi ya yote hulainisha mafumbo yake. Fumbo la kufikiriwa siku tatu, ambalo mtu hulala nalo na kuamka nalo, halina nafasi katika shindano. Likiwekwa, mwamuzi hatalifikiri siku tatu, atatafuta jibu.

Msomaji wa Kiswahili aijua hali hii kwa mfano wa kitendawili. Mmoja hutega, wenziwe hujaribu, na wakishindwa hutoa mji ndipo waambiwe jibu. Mji una maana yake: aliyeutoa amekiri mbele ya watu ya kuwa ameshindwa. Michezo mingi ya mashindano huja na mwongozo wa majibu, na mwamuzi aliyebanwa na saa huufungua. Yeye naye ametoa mji, ila ameutoa peke yake, wala hapana aliyesikia. Akiandika 4, alama hiyo haionyeshi kama mchezo ni mbaya, au fumbo lilimshinda, au jibu aliliona kabla hajaanza kulitafuta.

Mwaka 1998 wafaa kuchunguzwa kwa sababu katika mwaka huo zilitokea kazi mbili zilizo bora, nazo zilihukumiwa kwa njia mbalimbali. Ya kwanza ni Photopia ya Adam Cadre, iliyoshinda IFComp mwaka huo. Mchezo huu karibu hauna mafumbo. Wasimulia maisha mafupi ya msichana mmoja kwa macho ya watu kadha wa kadha, bila kufuata utaratibu wa wakati, na katikati mna hadithi za ajabu asimuliwazo mtoto. Mchezaji hutoa amri kama ilivyo desturi, lakini hupata kutambua pole pole ya kwamba amri zake hazina nguvu juu ya jambo moja analolitaka zaidi, yaani kuizuia ajali. Katika mchezo mwingine kumnyima mchezaji uwezo kungekuwa kosa. Hapa ndiko kunakobeba maana. Tena ni kazi fupi. Mwamuzi aweza kuimaliza kabla ya saa mbili kutimia, na kwa kuwa njia zake ni chache, waamuzi wote walisoma maneno yaliyokaribiana sana. Hukumu yao, kwa hivyo, ilikuwa na msingi kama ule wa wasomaji wa kitabu.

Ya pili ni Spider and Web ya Andrew Plotkin, iliyotolewa mwaka ule ule nje ya shindano. Mchezaji ni jasusi aliyekamatwa, naye anahojiwa. Kila atendalo katika sehemu ya kwanza si tendo bali ni ushahidi: anaonyesha jinsi alivyoingia katika jengo la adui, na mhoji humkatiza kila maelezo yake yasipolingana na yale yaliyokwisha julikana. Ustadi wake ni huu, ya kwamba kushindwa hakuwi kifo cha mchezaji bali huwa uwongo uliogunduliwa, na kurudia huwa ni kuulizwa tena. Kisha hufika mahali pamoja ambapo amri moja fupi yadai mchezaji awe ameelewa mwenyewe tofauti ya yale aliyoyasema na yale aliyoyatenda. Aliyefika hapo kwa akili yake hupata furaha kubwa. Aliyefika kwa mwongozo huona amri ya kawaida tu, akapita. Maneno ni yale yale. Kilichopotea ni njia ya kuyafikia, na katika kazi hii njia ni sehemu ya maana.

Kazi zote mbili zilipelekwa mbele ya baraza nyingine, yaani tuzo za XYZZY. Tuzo hizo zilianzishwa na Eileen Mullin, mhariri wa jarida la XYZZYnews, kwa michezo ya mwaka 1996 na kuendelea, na jina lake ni neno la uganga litumikalo katika mchezo wa Adventure. Hazina mpaka wa saa mbili, wala hazitoi alama moja kwa kazi nzima. Wapiga kura huchagua kwa mafungu: mchezo bora, maandishi bora, hadithi bora, mafumbo bora, na mengineyo. Katika mwaka huo Spider and Web ulitajwa kuwa mchezo bora, nao Photopia ukapata tuzo za maandishi na hadithi. Hapana haja ya kusema ya kuwa baraza moja ilikosea. Kila moja iliuliza swali lake. Shindano liliuliza ni kazi gani iliyowaridhisha waliokaa nayo saa mbili. Tuzo ziliuliza ni kazi gani iliyobaki vichwani mwa watu mwaka ulipokwisha, na kwa sifa ipi. Udhaifu wa njia hii ya pili ni mwingine: mpiga kura halazimiki kuwa amezicheza kazi zote zilizotajwa, na kwa hivyo kazi mashuhuri huelekea kuzidi kuwa mashuhuri.

Alama moja ina tatizo jingine, ambalo waandaaji wenyewe wamelitambua. Mshindi hupatikana kwa wastani. Tuseme mchezo mmoja umepewa na waamuzi watano alama 6, 6, 6, 6 na 6, na mwingine umepewa 10, 10, 6, 2 na 2. Wastani wa yote miwili ni 6, na katika orodha itasimama pamoja. Lakini wa kwanza haukumchukiza mtu wala kumwamsha. Wa pili uliwagawa watu. Shindano limeweka zawadi ya mzaha kwa mchezo ambao alama zake zimetawanyika kuliko yote, nayo ni ndizi ya dhahabu ya mfarakano. Mzaha huu una elimu ndani yake. Fasihi iliyo mpya aghalabu huwagawa wasomaji kabla ya kuwaunganisha, na wastani ndicho kipimo kisichoweza kuuonyesha mgawanyiko huo.

Mwaka 2012 ulilidhihirisha jambo hilo. Mshindi wa IFComp alikuwa Marco Innocenti, Mwitaliano atungaye kwa Kiingereza, kwa Andromeda Apocalypse, kisa cha safari za angani kilichofuata desturi ya amri na majibu. Katika shindano lile lile iliingia Howling Dogs ya mtunzi ajiitaye Porpentine. Mchezo huu ulitengenezwa kwa Twine, chombo cha Chris Klimas cha mwaka 2009, ambacho hakichanganui amri kabisa: mchezaji hugusa neno katika maandishi na ukurasa hugeuka. Mtu aliyefungiwa katika chumba kidogo hula, hunywa, kisha huingia katika njozi, na chumba huzidi kuchakaa kila arudipo. Haukushinda. Wako waamuzi waliouliza kama kitu kisichopokea amri chastahili kuitwa mchezo; na wako walioona ya kwamba kule kurudia rudia kugusa maneno yale yale ndiko kunakomfanya mchezaji aonje kifungo. Mwaka 2017 kazi za Porpentine ziliwekwa katika maonyesho ya sanaa ya jumba la Whitney, New York. Hili halithibitishi ya kuwa waamuzi wa 2012 walikosea, maana jumba la sanaa lina vipimo vyake. Lakini laonyesha ya kwamba ule mpango wa washindi haukuwa na nafasi ya kuandika jambo kubwa lililotokea mwaka huo, yaani kwamba umbo jipya limeingia mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka huo huo ilitokea kazi ya tatu, nje ya shindano, ambayo yawahusu zaidi wataalamu wa lugha. Nayo ni Counterfeit Monkey ya Emily Short, iliyopata tuzo ya XYZZY ya mchezo bora wa 2012. Mchezaji hupewa kifaa cha kuondoa herufi. Akikielekeza kwenye kitu na kutaja herufi, herufi hiyo hutoka katika jina la kitu, na kitu chenyewe hugeuka kuwa kile ambacho jina lililobaki lakitaja. Hapa fumbo na lugha si vitu viwili. Mwenye kulifumbua fumbo amefanya kazi ya tahajia.

Thamani ya kazi hiyo yaonekana vizuri zaidi ikijaribiwa kwa lugha nyingine. Tuseme kifaa hicho kinatumika kwa Kiswahili, na herufi k imetolewa katika mkate. Yabaki mate. Kwa Kiingereza jina likigeuka, sentensi iliyolizunguka hubaki karibu vile vile. Kwa Kiswahili mkate huu mdogo umeanguka lazima iwe mate haya machache yameanguka: ngeli imegeuka, na pamoja nayo kimegeuka kila kilichoungana na jina. Herufi moja imeivuta sentensi nzima. Tena, katika kutoa amri, Kiswahili kina faida na taabu isiyokuwa katika Kiingereza. Mchezaji wa Kiingereza akiandika amri ya kuchukua bila kulitaja jina, kiwakilishi chake ni kimoja kwa taa, sanduku na ufunguo, na kompyuta hulazimika kukumbuka kitu kilichotajwa mwisho. Mchezaji wa Kiswahili akiandika ichukue, lichukue au uchukue amekwisha bagua kitu alichokikusudia ndani ya kitenzi chenyewe. Lakini kompyuta yapaswa kwanza ijue kukikata kitenzi hicho mahali panapofaa, na ijue pia ya kwamba uchukue yaweza kuwa ufunguo au mkate. Mwamuzi ambaye angeipa kazi ya namna hiyo alama 8 bila kueleza jinsi lugha ilivyotumika angekuwa hajasema lo lote lenye faida kwa mtunzi wala kwa elimu.

Kwa bahati njema, watu hawa hawakuishia kwenye alama. Tangu miaka ya mwanzo kumekuwako desturi ya kuandika tahakiki ya kila mchezo uliohukumiwa. Paul O'Brian, mathalan, alizihakiki kazi za shindano mwaka baada ya mwaka, naye mwenyewe alishinda mwaka 2002 na mwaka 2004. Mahali ambapo mwamuzi wa mwaka huu ni mtunzi wa mwaka ujao, tahakiki huandikwa kwa uangalifu, kwa kuwa mwandishi wake ajua taabu ya kazi na ajua kwamba zamu yake yaja. Wako wanaoona ya kuwa ujirani huo hulainisha ulimi. Huenda, walakini alama za siri zipo kwa ajili ya asiyethubutu kusema kwa sauti.

Lililobaki ni kuitilia tahakiki hiyo ushahidi. Mwanachuoni asomaye utenzi wa kale katika hati za mkono haanzi kuutolea hukumu kabla ya kutaja hati aliyoitumia, maana hati ya Lamu na hati ya Pate zaweza kupishana kwa beti nyingi. Mchezo wa hadithi una hati nyingi kuliko utenzi wo wote, kwa kuwa kila mchezaji huandika yake kwa amri zake. Njia ya kuihifadhi hati hiyo ipo tayari: programu nyingi za kuchezea michezo ya amri zina uwezo wa kuweka nakala ya kila neno lililoandikwa na mchezaji na kila jibu la kompyuta, na wako waamuzi ambao kwa hiari yao huwapelekea watunzi nakala hizo. Desturi hii ingefaa iwe ya wote. Mwamuzi aseme alifika wapi, aliufungua mwongozo mara ngapi na katika fumbo lipi, na kama mwisho aliouona ndio mwisho wa pekee. Kwa michezo ya kugusa maneno, aseme ni njia zipi alizozifuata na zipi alizoziacha.

Mpaka wa saa mbili waweza kubaki, kwa maana bila huo shindano lingekuwa la wenye nafasi tu. Wastani nao waweza kubaki, maadamu zawadi lazima zigawanywe kwa utaratibu fulani. Lakini mtunzi aliyefanya kazi miezi mingi pasipo ujira hupokea, mnamo mwezi wa Novemba, nambari yake katika orodha. Ikiwa ni nambari ya 40, hajui kama mchezo wake umechukiza, au umekwama kwa sababu ya kitenzi kimoja ambacho kompyuta ilikataa kukielewa. Nakala ya mwamuzi itamwonyesha mstari ule ambapo msomaji wake aliandika amri tatu, akajibiwa mara tatu ya kuwa hakueleweka, akaenda zake. Huo ni mstari awezao kuusahihisha.